Barua ya shukrani baada ya usaili: ni adabu au ni kujikomba?



Ndugu wasomaji, leo tunaomba tuongee na familia zenye vijana wanaotafuta kazi, na hasa wazazi waliobaki nyumbani wakisubiri simu ilie. Tumezoea kuwafundisha watoto wetu namna ya kuandika barua ya maombi, namna ya kupanga vyeti na namna ya kukaa mbele ya jopo. Lakini kijana akishatoka kwenye chumba cha usaili, mafunzo yetu nayo yanakwisha. Anashuka ngazi, anapanda matatu au daladala, na kuanzia saa hiyo kazi yake kubwa ni kuitazama simu.

Hivi karibuni mzazi mmoja alitueleza kuwa binti yake, baada ya kufanyiwa usaili katika shirika moja binafsi, alitaka kuwaandikia waliomsaili barua fupi ya kuwashukuru. Alikuwa amesoma kwenye intaneti kwamba ndivyo inavyofanywa. Baba mtu akakataa kabisa. Kwake yeye barua ile ni kujikomba, na atakayeipokea atajiuliza bahasha iko wapi. Mama mtu akasema haya ni mambo ya Wazungu, hayana madhara, mwache mtoto aandike. Wakatuuliza sisi tunaonaje.

Sisi tunaona binti aandike. Lakini hofu ya baba si ya kupuuzwa, na ndiyo maana suala hili halimalizwi kwa neno moja la ndiyo au hapana.

Tuanze na asili yake. Ni kweli kwamba desturi hii, kwa sura inayotufikia leo, imetoka Marekani. Mmoja wa walioieneza sana ni Richard Bolles, kasisi wa kanisa la Kiepiskopali, ambaye mwaka 1970 alichapisha kwa gharama zake kitabu kiitwacho What Color Is Your Parachute?, kitabu cha watafuta kazi ambacho baadaye kiliuzwa mamilioni ya nakala. Bolles aliwashauri wanaotafuta kazi wawaandikie shukrani jioni ileile watu wote waliowaona siku hiyo, wakiwemo makatibu na wahudumu wa mapokezi. Msisitizo huo wa watu wa mapokezi tumeupenda, na tutaurudia huko mbele. Tangu hapo ushauri huo umenakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu na kutoka chuo hadi chuo, mpaka Wamarekani wengi wanauona kama sehemu ya usaili wenyewe.

Na hapo ndipo tatizo lilipoingia. Mwaka 2019 Jessica Liebman, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa habari katika Business Insider, aliandika wazi kwamba kwa miaka kumi ya kuajiri watu amefuata kanuni moja nyepesi: mwombaji asipotuma barua pepe ya shukrani, haajiriwi. Makala yake ilizusha kelele nyingi. Waliompinga walisema kanuni hiyo haipimi uwezo wa mtu wala uungwana wake. Inapima kama mtu alizaliwa katika nyumba ambayo kuna aliyewahi kumnong'oneza siri hiyo. Mtoto wa wakili ameisikia mezani wakati wa chakula. Mtoto wa mhamiaji, ambaye wazazi wake hawajawahi kukanyaga chumba cha usaili, hakuisikia popote.

Sisi tunasimama na hao waliopinga, na tunasema hivyo bila kusita. Tunawajua vijana wa namna hiyo, maana ni wetu. Ni yule msichana wa Ujiji au Isiolo ambaye ndiye wa kwanza katika ukoo kushika shahada. Ni yule kijana wa Minneapolis au Toronto ambaye babake anaendesha teksi na mamake anasafisha hospitali usiku, wazazi wachapakazi ambao wangempa mtoto wao kila wanachokijua, ila hili hawalijui kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Kijana kama huyo anajibu maswali vizuri, anaaga kwa heshima, anarudi nyumbani. Kisha anakosa kazi kwa sababu ya karatasi ambayo tangazo halikuitaja. Adabu ya kundi moja ikigeuzwa kuwa sheria ya siri kwa watu wote, huo unakuwa mtego, na anayenaswa ni yule ambaye hana mjomba ofisini.

Ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka jambo hili lizungumzwe majumbani mwetu. Maadamu wako waajiri wenye fikra hiyo, na katika mashirika ya kimataifa yaliyojaa Nairobi, Kampala na Kigali wamo, basi mtoto wako na alijue. Si vema alisikie kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwenzake aliyepata kazi.

Lakini je, ni kweli kwamba shukrani ya aina hii ni ngeni kwetu? Hapa ndipo tunapotofautiana kidogo na yule mama aliyesema ni mambo ya Wazungu. Kilicho kigeni ni karatasi na anwani. Jambo lenyewe tunalo tangu zamani. Sahani ya jirani hairudishwi tupu. Aliyelala kwako akisafiri, hukaa kimya tu mpaka ufikiri gari limepinduka? Hapana, hutuma salamu za kufika, na ndani ya salamu hizo husema ahsanteni kwa ukarimu. Baada ya arusi au msiba, wenye shughuli huzunguka kutoa shukrani kwa waliohudhuria, na anayeacha kufanya hivyo hunong'onwa. Watu watatu au wanne waliokaa na mtoto wako kwa nusu saa, wakasoma vyeti vyake, wakamsikiliza, wamempa kitu. Hata kama walilipwa kwa kazi hiyo, kusema ahsante hakumpunguzii mtu heshima yake.

Sasa tuje kwenye hofu ya baba.

Baba anaogopa kwa sababu anaijua nchi yake. Katika ofisi zetu nyingi neno "shukrani" limechafuliwa. Mtu anaombwa "chai", anaombwa "kitu kidogo", na baadaye anaambiwa atoe "shukrani". Ukimwambia mtu kama huyu kwamba binti yake atapeleka shukrani kwa waliomsaili, masikio yake yanasikia kitu kingine. Tena wakati mwingine hajakosea, kwa kuwa wapo vijana wanaotumia barua ya shukrani kama mlango wa uani.

Kwa maoni yetu kipimo ni kimoja, nacho hakihitaji elimu kubwa. Barua hiyo ingesomwa kwa sauti mbele ya waombaji wenzake wote waliokuwa kwenye benchi siku ile, angeona haya? Ikiwa hapana, basi ni adabu. Ikiwa ndiyo, ichanwe. Barua yenye kuomba "msinisahau" haipiti kipimo hiki. Barua yenye kusimulia shida za nyumbani, ada za wadogo zake na ugonjwa wa bibi, haipiti, hata kama kila neno ni la kweli, kwa sababu waliokuwa kwenye benchi nao wana wadogo zao na bibi zao. Barua inayoambatana na boksi la tende au vocha ya simu haipiti hata kidogo, na huko tusikuite shukrani.

Na kuna aina moja ambayo sisi hasa tuiseme, kwa kuwa inatuhusu. Kijana anaona kwenye jopo kuna mjumbe anayeitwa Juma au Mwanaidi, basi anapoandika anaanza na "ndugu yangu katika imani", anataja msikiti wanaoswali na sheikh anayemfahamu. Wazazi, tuwakataze watoto wetu jambo hili. Kwanza ni dhuluma kwa yule mwombaji mwingine asiye na imani hiyo. Pili, unamweka mjumbe yule pabaya mbele ya wenzake, maana sasa hata kama kijana anastahili kwa alama zake, itasemwa amebebwa. Na tatu, sisi wenyewe tumelalamika miaka mingi kwamba kuna ofisi ambazo jina la mtu humfungia mlango. Hatuwezi kulalamikia kufuli huku tunajichongea funguo zetu.

Jambo jingine ni mahali barua inakoelekezwa. Barua iende ofisini, kwa anwani ya ofisi au kwa barua pepe ile ile iliyotumika kumwita kwenye usaili, iandikwe kwa meneja rasilimali watu au mwenyekiti wa jopo. Isiende kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na wala isiwe ujumbe wa WhatsApp saa nne za usiku. Kwa mabinti zetu tunalisema hili kwa mkazo. Tanzania, kwa mfano, sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 imeitaja waziwazi rushwa ya ngono kuwa ni kosa, na sheria haitungwi kwa jambo lisilokuwepo. Mjumbe wa jopo akijibu kwa namba yake binafsi na kutaka "tuonane tuzungumzie ile kazi", binti asijibu, amwonyeshe mzazi au mlezi, na ujumbe usifutwe, kwa kuwa ndio ushahidi.

Kuna pia mahali ambapo ni bora kutoandika kabisa. Kazi za serikali zina utaratibu wake. Kule Tanzania, anayeomba kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupita kwenye usaili wa mchujo wa kuandika, pengine wa vitendo, kisha wa mahojiano. Alama hujumlishwa, majina hutangazwa kwenye tovuti, na waliofaulu wakakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata wakisubiri nafasi nyingine zitokee. Hapo barua yako haina pa kuingilia, na kumtafuta mjumbe mmoja mmoja ili umshukuru kunaweza kueleweka vibaya. Kenya nako matangazo mengi ya kazi za umma, za taifa na za kaunti, humalizika kwa onyo kwamba mwombaji atakayejaribu kushawishi kwa njia yoyote ataondolewa moja kwa moja. Kijana anayeona onyo hilo ashukuru kwa mdomo pale pale anapoaga, "ahsanteni kwa muda wenu", atoke. Hiyo inatosha na haiandikwi popote. Hapa tunakubaliana na baba kikamilifu.

Kwa hiyo inayobaki ni kampuni binafsi, mashirika, shule binafsi, hospitali, hoteli na benki. Huko barua ipelekwe ndani ya siku moja, mbili zikizidi sana, wakati jopo bado linaikumbuka sura. Lugha iwe ile iliyotumika kwenye usaili. Waliosailiwa kwa Kifaransa kule Bujumbura waandike Kifaransa, waliosailiwa kwa Kiingereza Kampala waandike Kiingereza. Na kama usaili ulikuwa wa Kiswahili, hakuna haja ya kujitesa na Kiingereza cha kukopa. Wengi wametuuliza mfano wa barua ya Kiswahili, tunautoa hapa:

"Kwa Meneja Rasilimali Watu. Yah: Shukrani kwa usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi. Ninaushukuru uongozi na wajumbe wa jopo kwa muda mlionipa siku ya Jumanne. Nilifaidika hasa na maelezo yenu kuhusu namna mnavyofunga hesabu za matawi kila mwisho wa mwezi, jambo ambalo chuoni tulilisoma kwa nadharia tu. Nafasi hii bado ninaipenda. Ninamshukuru pia mhudumu wa mapokezi, aliyetupokea vizuri sote tuliokuwa tukisubiri. Ninawatakia kazi njema. Wako mwaminifu," kisha jina na saini.

Basi. Mistari michache. Tumeweka kwa makusudi sentensi ya hesabu za matawi, kwa sababu hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba kijana alikuwa anasikiliza. Vitabu vya Marekani vinamshauri mwombaji atumie barua hii kujinadi upya, ataje tena sifa zake zote na kujibu swali lililomshinda. Sisi hatupendi hivyo. Kijana alipewa nusu saa yake na wenzake wakapewa nusu saa zao. Kujiongezea dakika kwa njia ya posta si uungwana, ingawa hatudai kuwa ni haramu. (Na tafadhali, "wako mtiifu" tuliache kwa wakoloni. Mtu hajaajiriwa bado, utii wa nini?)

Tuseme pia neno moja kuhusu simu za siku hizi. Zipo programu ambazo ukiziambia "niandikie barua ya shukrani" zinakuandikia kwa sekunde mbili, maneno matamu yaliyopangwa vizuri. Meneja mmoja akipokea barua sita za aina hiyo kwa asubuhi moja, zote zinafanana kama sare za shule, na zote zinamshukuru kwa "fursa adhimu". Programu haikuwepo chumbani. Haijui kwamba feni ilikuwa mbovu na mwenyekiti akawaomba radhi kwa joto. Kijana aandike mwenyewe, hata kama Kiswahili chake kina vikwazo viwili vitatu.

Tumeahidi kurudi kwa watu wa mapokezi. Kwa kweli hapa ndipo sisi tunapoiona faida kubwa ya desturi hii kwa malezi, iwe kazi imepatikana au haikupatikana. Kijana akizoeshwa kujiuliza "nani alinisaidia siku ile?" orodha huwa ndefu kuliko jopo. Yupo mlinzi wa getini aliyemruhusu kukaa kivulini. Yupo mwalimu aliyekubali kuwa mdhamini na kuandika barua ya kumsifu, ambaye mara nyingi hasikii tena habari yoyote mpaka siku anapoombwa barua nyingine. Yupo shangazi aliyetuma nauli kutoka Muscat, na kaka aliyeazima viatu. Hao hawahitaji bahasha wala "Yah". Wanahitaji kupigiwa simu jioni na kuambiwa usaili ulikwendaje. Mwalimu wa namna hiyo, kwa uzoefu wetu, akipata habari za nafasi nyingine humkumbuka yule aliyerudi kushukuru.

Kisha kuna barua ngumu kuliko zote, ile ya kushukuru baada ya kukataliwa. Wachache sana huiandika, na tunaelewa kwa nini, roho inauma. Lakini ndiyo iliyo safi kuliko zote, kwa sababu hakuna awezaye kusema ni ya kujikomba. Kazi imekwisha kutolewa kwa mwingine, sasa unamkomba nani? Halafu mambo ya ajira yana mengi. Aliyechaguliwa hupata kazi nyingine akaacha, au hushindwa muda wa majaribio, na ofisi hufungua faili tena kutafuta jina la pili. Hatusemi kwamba barua itamrudisha kijana. Tunasema tu kwamba mlango unaofungwa taratibu ni rahisi kubishwa tena.

Hadi hapa tumewasemesha vijana na wazazi. Kuna kundi jingine linalosoma ukurasa huu, nalo ni waajiri: wenye maduka ya dawa, wenye shule na madrasa, wenye kampuni za mabasi, wenye zahanati na hoteli. Nao wana deni katika suala hili, tena pengine kubwa kuliko la vijana. Kijana amekopa nauli, amelala kwa ndugu, amepiga pasi shati usiku kwa sababu ya mgao wa umeme, amefika saa moja asubuhi, ameitwa saa nane mchana, amesailiwa dakika kumi. Kisha kimya. Wiki mbili, mwezi, miezi mitatu, hakuna aliyempigia kumwambia hata "hukupata". Nyumbani mama anauliza kila Ijumaa, na yeye hana jibu, na anaogopa kuomba kazi nyingine asije akaitwa kule. Aliyempa mtu matumaini ana wajibu wa kuyafunga kwa heshima.

Kwa hiyo mwajiri anayeshangaa kwamba vijana wa leo hawajui kushukuru, ajiulize kwanza ni wangapi kati ya waliokuja kwake aliwahi kuwashukuru kwa kuja. Na kama ana desturi ya kusubiri barua ya shukrani ndipo aamue, ama aiandike kwenye tangazo ili wote waijue, ama aiache. Kumpa mtu alama sifuri kwa swali ambalo hakuulizwa ni dhuluma.

Ujumbe wa simu kwa wale ambao hawakuchaguliwa haufikii bei ya soda. Namba zao ziko kwenye barua zao za maombi, na karani wa duka anaweza kuwaandikia wote kumi na wawili kabla ya kwenda kula mchana: "Assalaam alaykum. Tunakushukuru kwa kuja kwenye usaili wetu wa tarehe 14. Nafasi imepata mtu. Vyeti vyako tumevihifadhi, unaweza kuvichukua siku yoyote ya kazi, na usisite kuomba tena tutakapotangaza."